Uzito wa Mkokoteni Mtupu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, Yudith alizoa mavi zizini, akatoa ng'ombe nje, kisha akamkuna Madoa shingoni. Hilo la mwisho hakuna aliyemtuma. Madoa alikuwa maksai wao, na mama yake alikufa mwaka wa njaa yeye angali ndama. Yudith ndiye aliyemlea kwa uji wa uwele mpaka akasimama. Basi mtu akimsema Madoa vibaya, msichana huyo alinuna kutwa nzima.

Ilikuwa miaka ya Mdachi, na reli mpya ilikwisha kupita Zuzu, karibu na kwao. Zamani mtama ulisafiri vichwani mwa wapagazi, na baba yake, Methusela, alikuwa mmoja wao ujanani. Sasa alitaka kupeleka mtama wake stesheni kwa mkokoteni. Aliupata kwa fundi mmoja wa reli aliyekuwa akihama, mkokoteni wa mbao nene na magurudumu mawili ya chuma tupu. Alijivuna nao, usiseme! Hata kuku hakuruhusiwa kutua juu yake.

Maksai wa pili aliazimwa kwa Bwana Msafiri, Mrangi wa Kondoa mwenye duka jirani. Msafiri aliwaazima kwa moyo mweupe, ila alionya kwamba maksai wawili wa kimo kile, kwenye mchanga wa korongo la njiani, wasivutishwe zaidi ya frasila thelathini. Methusela alimtoa wasiwasi, akamwita Yudith apige hesabu. Magunia yalikuwa sita, kila gunia frasila tano. Yudith akajibu kwamba ni thelathini kamili, na baba akatabasamu mpaka masikioni.

Hesabu ilikubali, lakini korongo likakataa. Magurudumu yalipoingia mchangani yalizama, na Madoa akapiga magoti. Methusela alisukuma, akabembeleza, akafoka kwa Kigogo na kwa Kiswahili, wapi! Mwisho majirani walikuja kubeba magunia kuyarudisha nyumbani, na walicheka njia nzima. Methusela hakuzoea kuchekwa. Jioni ile alitoa hukumu kwamba maksai wa Msafiri ana nguvu zake, kwa hiyo mvivu ni Madoa. Kesho adhuhuri mchinjaji anayelisha watu wa reli angekuja kumchukua.

Asubuhi Yudith hakuonja hata uji. Ili asilie mbele za watu, alikwenda kuufagia mkokoteni, kisha akajaribu kuusogeza kivulini. Haukutikisika. Akauegemea kwa bega, akasukuma mpaka visigino vikachimba ardhi. Mkokoteni ulikuwa mtupu kabisa, hauna hata punje ya mtama, na bado ulimshinda. Hapo akakimbia kwa baba yake.

"Baba, jana tulipima magunia tu. Mkokoteni wenyewe hatukuupima."

"Mkokoteni ni chombo, mwanangu, siyo mzigo," alisema Methusela. "Nilipokuwa mpagazi tulipimiwa mzigo. Nani alipima kichwa changu?"

"Kichwa chako ulikibeba mwenyewe, baba. Mkokoteni haujibebi. Unabebwa na Madoa."

 Methusela alikuwa mtu wa hasira za haraka, lakini hakuwa mtu mbaya. Aliuliza watautundika wapi mkokoteni mzima, maana mizani ya dukani kwa Msafiri ni ya kuning'iniza, na boriti ya duka ingeanguka nao. Yudith alijibu kwa shida, kwa sababu ya mfano wenyewe, kwamba hata ng'ombe akichinjwa hapimwi mzima. Hukatwa vipande, kila kipande kikapimwa peke yake.

Basi wakaufungua. Walichomoa pini, wakatoa magurudumu, wakang'oa mbao na mti wa nira, wakavipeleka dukani kwa awamu. Msafiri alitundika, Yudith akajumlisha kwa sauti. Kila gurudumu lilikuwa na frasila nne, yote mawili nane. Mbao zilikuwa frasila tatu, na chuma cha katikati pamoja na mti wa nira vikafikisha tatu nyingine. Jumla frasila kumi na nne. Ukiongeza na magunia yale sita, maskini Madoa na mwenzake walivutishwa frasila arobaini na nne.

Hakuna aliyecheka. Methusela alikaa juu ya gurudumu moja, akajifuta uso. Mchinjaji alipokuja na kamba yake, alimkuta bado amekaa hapo, akaambiwa kwa adabu arudi alikotoka. Yudith alikimbia zizini kumkuna Madoa shingoni.

Waliuunganisha mkokoteni tena, wakapakia magunia matatu tu, pamoja na mkokoteni frasila ishirini na tisa, mengine yakangoja safari ya pili. Korongoni Yudith alishika pembe ya Madoa, roho mkononi. Magurudumu yalizama kidogo, nira ikalia, Madoa akainamisha kichwa na kuvuta. Alitokea ng'ambo akihema, mchanga umemjaa magotini, akaendelea moja kwa moja mpaka stesheni.

Walipokuwa wakipumzika pale, Yudith alimwomba baba msamaha, maana hesabu ya thelathini ilikuwa yake.

"Hesabu yako ilikuwa sawa," alisema Methusela. "Mimi ndiye niliyekupa nusu ya swali, kisha nikamwadhibu asiyejua kusema. Likumbuke hili utakapokuwa mkubwa na watu wako chini yako. Mtu akishindwa kazi, usimwite mvivu kabla hujapima kila kitu ulichomtwika, hata kile ulichozoea kutokihesabu. Leo jioni, Yudith, watu wa reli wangekuwa wanakula nyama ya Madoa kwa kosa langu mimi."

Akainuka, akaenda kumtafutia Madoa maji.