Mitungi Sitini na Mitatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Elyse aliweka mtungi wake kwenye foleni ya mfereji pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kisha akasimama pembeni peke yake. Ilikuwa miezi minne tangu atoke Kongo kuja kuishi na shangazi yake Monique, na hakuna mtoto wa darasani aliyewahi kumwita kwa jina. Naye hakumsemesha mtu.

Juma hilo Mwalimu Ekwam aliwapa kazi: kutafuta ni familia ngapi zinazochota maji pale. Ijumaa kamati ya maji ingesikiliza hesabu yao, kisha iamue kama mfereji wa pili utawekwa. Elyse akaona njia isiyohitaji kuongea. Alihesabu mitungi iliyopangwa foleni, akaandika: familia sitini na tatu.

Alipoisoma darasani, Ruot wa dawati la nyuma alicheka. "Kwetu tunapanga mitano. Kumbe sisi ni familia tano, na mama hajatuambia."

Darasa zima likacheka. Elyse akainamia daftari lake.

"Mitungi ni sitini na mitatu kweli," Mwalimu Ekwam alisema taratibu. "Lakini tuliuliza familia. Nani anazijua?"

"Mama Achol, mwalimu. Ndiye anayeutunza mfereji. Ana daftari," mtoto mmoja alijibu.

"Anza kwake, Elyse. Na uangalie liliandikwa lini."

Kesho yake Mama Achol alimfungulia daftari. Lilikuwa na familia ishirini na moja, za mwezi wa Januari.

"Wengine wamehamia makazi ya Kalobeyei, binti yangu, na wengine wamekuja juzi," alisema. "Waulize wenyewe."

Elyse alirudi kwenye foleni. Kisha akaanza, mtungi mmoja baada ya mwingine. Akasalimu kwa Kiturkana: "Ejok. Huu ni wa nani? Mko na mingine?" Baadhi walimjibu bila kumtazama. Bibi mmoja alimshika mkono, akamtajia watu wote wa nyumbani kwake, hata mbuzi. Ruot alimwonyesha mitano yao, safari hii bila kucheka.

"Ni familia ishirini na tatu," Elyse alimwambia Mama Achol.

Mama Achol alipitisha kidole juu ya majina aliyoyaandika Elyse kwenye karatasi. "Na ule mtungi wa bluu kule mwisho?"

"Ni wangu."

"Mbona nyinyi hamjajihesabu?"

Elyse akaichukua karatasi. Kisha akaandika jina la shangazi yake, na lake chini yake. Ishirini na nne.

Ijumaa mwenyekiti wa kamati alichukua karatasi hiyo, akabisha hodi katika nyumba tano, akapata majibu yaleyale. Mfereji wa pili ukakubaliwa.

"Takwimu ya kuaminika," Mwalimu Ekwam aliwaambia, "ni ile ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata hadi mlangoni na kuikuta ilivyo. Sema ulihesabu nini, lini, na ulimuuliza nani. Usipomuuliza mtu, utahesabu vitu tu."

Jumatatu Elyse aliweka mtungi wake, akasimama pembeni kama kawaida.

"Elyse," Ruot aliita. "Huko kuna jua. Njoo usimame huku."