Mita Nne za Shaba

Bisha. Bisha sasa hivi kabla sijaanza, maana tukifika katikati utakuwa umebana magoti na utaona aibu kubisha. Wenzako walibisha pale kijiweni Kibondo, kwa waendesha bodaboda, wakacheka mpaka wakamwaga kahawa. Aliyecheka kuwazidi wote siku hizi anazungukia barabara ya chini, hataki kupita makaburini. Muulize kwa nini. Atakwambia tairi.

Haya. Hatungimana alikuwa mfyatua matofali wa bondeni, mrefu, mpole, mikono kama sepetu. Mke wake, Vestina, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya. Mwanamke yule akiimba, hata mbuzi waliacha kutafuna. Mwezi wa kwanza, wakati wa mvua, akaugua homa. Siku ya tatu akafa.

Hatungimana hakulia.

Si kwamba alikataa. Chozi lilikataa lenyewe. Sanduku lilishushwa, anaangalia. Udongo ukamwagwa, anaangalia. Akarudi nyumbani, akala ugali wa muhogo, akanawa, akalala. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, unaufinya, wala hausikii kitu.

Ingekuwa mjini, nani angejali? Lakini pale kwao mume asiyemlilia mkewe anatazamwa. Dada yake, Jeanne, akamwendea tanurini.

"Kaka, Jumanne tunaondoa matanga. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Usijifanye mtoto. Wanasema mwanamume asiyelia anajua marehemu alikokwenda. Wanasema umemla."

Hatungimana akapanga tofali. Akapanga jingine.

"Nitalia," akasema.

"Lini?"

"Nikimsikia."

Alikuwa na kadi ya simu yenye nyimbo tisa ambazo Vestina alizirekodi kanisani. Ila ukizipiga kwenye simu, sauti inatoka kama nzi ndani ya chupa. Mtu hawezi kumlilia nzi. Akawaza: nikimsikia alivyokuwa, kwa ukubwa ule ule, ndani ya nyumba ile ile, hii ganzi itapasuka.

Basi akauza matofali ya tanuri zima. Tanuri zima, jamani! Akaenda kwa mkimbizi mmoja aliyekuwa anajiandaa kurudi Burundi na kuuza kila kisichobebeka, akanunua amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, na spika mbili zinazomfika mtu kiunoni. Akazipakia kwenye baiskeli, akazisukuma mpaka nyumbani. Akaweka moja kulia, moja kushoto. Akakaa kitini, akatazama.

Nyaya hana.

Usicheke, hata wewe ungefanya hivyo. Watu wote hununua ng'ombe, kisha ndipo wanakumbuka kamba. Bajeti yote imeishia kwenye maboksi, mfukoni imebaki elfu nne. Na waya wa maana, shaba nene isiyokula sauti njiani, dukani ni elfu mbili kwa mita.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama alipokwenda sokoni kwa Tharsisi. Huyu Tharsisi alikuwa kijana mmoja mtanashati, mjanja kuliko soko zima, darasa la sita aliliacha mwenyewe kwa hiari kwa sababu mwalimu alikuwa hana jipya. Aliuza nyaya, soketi na vyuma vya kuokota.

"Kaka Hatungi! Nasikia umehamishia disko nyumbani."

"Nahitaji waya. Mita nne kila upande. Nina elfu nne."

"Elfu nne kwa mabufa yale? Kwa hiyo hela nakupa uzi, ukashone suruali."

Hatungimana hakucheka. Alisimama tu, mikono inaning'inia. Tharsisi akamwangalia, akaangalia pembeni, akainama chini ya meza. Akatoa kifungu cha waya mwembamba wa rangi nyeupe. Halafu akakaa kidogo… akainama tena. Akatoa mwingine. Mweusi, mnene, una mstari mwekundu.

"Huu mweupe ni wa kawaida. Huu mweusi ni shaba tupu. Mita nne. Beba zote mbili kwa elfu nne, kwa ajili ya shemeji."

"Umeutoa wapi?"

"Kaka, unanunua waya au unanunua historia?"

Hatungimana akalipa, akaondoka.

Nyumbani akafunga ule mweupe spika ya kulia, mweusi ya kushoto. Mweusi ulikuwa baridi. Baridi ya kitu kilicholala chini. Akawasha.

Na Vestina akaimba.

Kulia aliimba vizuri, kama Jumapili. Kushoto pia aliimba, lakini chini ya wimbo kulikuwa na kitu. Paa… paa… paa. Kitu kinaangukia mbao. Hatungimana akapuliza vumbi kwenye soketi. Akakaza skrubu. Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi na mbao za paini zilizopasuliwa juzi.

Akasikiliza nyimbo zote tisa. Akagusa mashavu yake.

Makavu.

Kesho yake alasiri, Jumamosi, akawaita Jeanne na mzee Mpawenimana. Huyu mzee ndiye mwenye muziki wa kukodisha misibani; hakuna marehemu wa pale aliyezikwa bila spika zake. Hatungimana alitaka mashahidi. Pengine mbele ya watu chozi litaona haya, litatoka. Na mzee ataitengeneza ile ya kushoto.

Mvua ikashuka. Jeanne akamimina chai. Wimbo wa kwanza ukaanza.

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukanyamaza. Mashine ya kusaga kule ng'ambo ikazima kwa kukohoa. Taa ya amplifaya ikafifia, ikafa. Spika ya kulia ikakata.

Ya kushoto ikaendelea.

Haikuwa inaimba. Ilikuwa inapumua.

"Hatungi…"

Kikombe kikamtoka Jeanne mkononi.

"Hatungi, uri hehe?"

Uko wapi. Kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiita akitoka kisimani, mikono imejaa, anataka kufunguliwa mlango.

Mzee Mpawenimana hakuitazama spika. Aliufuata waya kwa macho, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na uso wake ukawa na rangi ya majivu.

"Huu ni wangu," akanong'ona. "Mstari mwekundu. Huu ni wangu."

"Nimeununua, mzee."

"Hauuzwi! Mwanangu, sikiliza. Siku ya maziko natandika waya kwenda spika ya upande wa pili wa kaburi, ili waliosimama kule nao wasikie. Waya uliovuka kaburi likiwa wazi haurudi nyumba ya mtu. Naukata, naudondosha ndani, tunafukia. Baba yangu alifanya hivyo, na mimi nafanya. Huu nimeudondosha kwa mkono huu."

"Kwa nani?"

Spika ikajibu.

"Hatungi. Kuna giza."

Mzee akaruka, akaung'oa waya kutoka kwenye amplifaya. Ncha zikabaki uchi sakafuni, hazikugusa chochote. Jeanne alikuwa anasali kwa sauti, anachanganya maneno.

Pumzi haikukatika.

Kuna jambo kila fundi analijua: spika ni mdomo, lakini ukiigeuza ni sikio. Hatungimana hakuwa fundi, hakuna aliyemwambia. Alipiga magoti tu, akaweka midomo kwenye kitambaa cha spika.

"Niko hapa," akasema.

Mvua juu ya bati…

Halafu, taratibu, bila hasira yoyote:

"Mbona sikukusikia ukilia?"

Akafungua mdomo. Akaubana moyo wake mahali palepale pa siku zote, akaminya kwa nguvu zake zote, kama anakamua kitambaa. Jeanne anasema shingo ilimvimba. Anasema alitoa mlio, lakini haukuwa kilio. Ulikuwa kama mlango mkavu.

"Siwezi," akasema. "Vestina, nimejaribu. Siwezi."

"Basi ngwino."

Njoo.

Na zile ncha za waya pale sakafuni zikageuka. Pole pole. Zikaelekea mlangoni, upande wa makaburi. Waya ukanyooka, ukakaza, spika ikaanza kuburuzwa juu ya saruji, krrr… krrr… na Hatungimana ameikumbatia, wala haiachii, anaburuzwa nayo kwa magoti.

Mzee akachukua panga la jikoni. Pigo moja kwenye waya.

Kimya kikawa kimya kweli.

Jioni ile ile, mvua haijakatika vizuri, mzee na Jeanne wakaurudisha waya kaburini na kuufukia. Mzee alisema maneno yake. Jeanne akasema ya kwake, ya kanisani. Jumanne matanga yakaondolewa, ndugu wakaja mpaka kutoka Mabamba, wakakaa, wakanywa, wakamtazama mfiwa.

Hakulia.

Basi imekuwa hivyo. Hakuna anayenunua matofali yake tena. Mtu atajengeaje nyumba tofali la mwanamume aliyemla mkewe? Tanuri limeota majani. Jioni ukipita utamwona mlangoni, ameiegemea ile spika ya kushoto, sikio limebanwa hapo. Waya hakuna. Umeme wenyewe ameshaukatisha. Hana huzuni wala furaha usoni. Anasikiliza tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kuvaa viatu.

Na kila siku ya gulio anafika kwa Tharsisi.

"Una mita nyingine nne?"

"Zimeisha, kaka."

"Ukipata, niwekee."

Hapo ndipo huwa namalizia, watu wananinunulia soda, naondoka. Leo soda sitaki.

Tharsisi ni mimi. Hilo mlishalijua, msijifanye kushangaa. Mlishajua pia kwamba nilikwenda kaburini na koleo la kukatia waya siku ile ile ya maziko, watu wakiwa bado wanakula, kwa sababu shaba ni shaba na mimi ni mjanja. Sehemu ninayoiruka ni hii.

Udongo ulikuwa laini. Nilichimba kidogo kwa vidole, nikaupata waya, nikaanza kuuvuta. Ulikuja vizuri. Mita moja, mbili, tatu, nne. Halafu ukagoma. Nikadhani umenasa kwenye kona ya sanduku, nikaulegeza ili niuchomoe kwa upande.

Ukavutwa.

Haukuvutwa kwa kishindo. Ulivutwa kidogo, ukasimama, ukavutwa tena kidogo, mkono juu ya mkono. Kama mtu anayepanda.

Sanduku lilipigwa misumari mbele yangu, na waya ulilala juu ya kifuniko. Hapo sielewi mpaka leo, msiniulize. Ninachoelewa ni kwamba wanaume thelathini walikuwa wamekaa hatua mia kutoka pale, na sepetu zao ukutani. Ningepiga kelele moja wangefika. Lakini wangeniuliza nilikuwa natafuta nini juu ya kaburi la mke wa mtu.

Nikakata.

Ile ncha nyingine ikazama kwenye udongo. Halafu nikausawazisha kwa kiganja, vizuri, ili pasionekane.