Madoa Saba ya Mshonaji

Mshonaji aliingia studio mchana, foleni ya picha za vitambulisho ikiwa imefika hadi kwenye ngazi. Alivaa gauni la njano alilolishona mwenyewe, na futi ya kupimia bado ilining'inia shingoni.

"Dada, na hiyo futi nayo inataka kitambulisho?" mpiga picha akamuuliza.

"Ipige tu, imefanya kazi kuliko mimi."

Foleni nzima ikacheka. Mpiga picha akamwomba ainue kidevu, akamtazama hadi akasahau kubonyeza kamera. Mashavuni mwa binti yule kulikuwa na madoa saba meusi yaliyoachwa na chunusi, matatu kulia, manne kushoto. Sasa, kijana huyu alikuwa na mazoea yake: kila uso uliopita kwenye kompyuta yake aliufuta madoa bila kuuliza, akidhani anamtendea mteja wema. Akayafuta yote saba, akachapa.

Binti aliipokea picha, akaikodolea macho.

"Umeipata wapi hii?"

"Si wewe huyo, mrembo? Nimekusafisha kidogo tu."

Akalipa, akaondoka. Angeanzia wapi kumweleza kwamba alikuwa na pacha asiye na madoa, kwamba walimzika mwaka uliopita, na kwamba hata mama yao aliwatofautisha kwa madoa hayo?

Jioni simu yake ikaita.

"Kuna kitu kimesahaulika studio."

"Futi yangu ninayo."

"Mimi ndiye niliyesahau. Sikukuomba namba."

"Na hii unayopiga?"

"Nimeitoa kwenye risiti. Kuomba ni heshima."

Binti akacheka, na kwa kicheko hicho mapenzi yakaanza. Lakini neno "nimekusafisha" lilimkaa rohoni. Akaamini kwamba mpenzi wake angempenda zaidi bila madoa.

Dirishani jikoni palikuwa na kopo la mshubiri alioupanda marehemu. "Paka, acha uvivu," pacha wake alikuwa akimtania. "Tukifanana kabisa, mama atachanganyikiwa!" Sasa kila asubuhi mshonaji alikata jani, akalimenya, akajipaka ule ute wa baridi. Mara nyingine alihisi kuna mtu nyuma yake anamwangalia akipaka. Alikuwa akigeuka, hamwoni mtu.

Miezi ikapita, madoa yakafifia moja baada ya jingine. Asubuhi lilipotoweka la saba, mama alitoka chumbani, kikombe kikamponyoka.

"Mwanangu! Umerudi?"

"Mama, ni mimi."

"Kaa, kaa. Ngoja nimwite mwenzio, atafurahi."

"Mama, ni mimi mshonaji!"

"Mshonaji ana madoa," mama akasema kwa upole, akaanza kuokota vigae.

Tangu siku hiyo mama alitenga sahani tatu mezani. Mshonaji akafunika kioo kwa kitenge, maana kila alipojitazama alimwona marehemu. Akaacha kupokea simu. Mpiga picha akapiga, akatuma ujumbe, akanuna, akaamini ameachwa kwa ajili ya mwanamume mwingine. Siku ya tano uvumilivu ukamwisha, akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, mama. Namtafuta mshonaji."

"Marahaba, baba. Mshonaji ametoka. Yupo pacha wake."

Binti akajitokeza, macho yamevimba kwa kulia.

"Ulitaka nisafike," akasema. "Haya, nimesafika. Mama yangu hanijui tena."

"Mimi? Nilikuambia lini nataka hivyo?"

"Siku ya kwanza! Uliyafuta kabla hata hujanijua jina."

Mpiga picha akainamisha kichwa. "Kweli nilifuta. Lakini nilifuta kwenye nakala, mpenzi. Ya kwanza niliificha. Naitazama kila siku kabla sijafungua studio."

Akatoa picha kwenye pochi: gauni la njano, kidevu juu, madoa yote saba. Mama akaichukua, akaishika kando ya shavu la binti yake, akahesabu kwa kidole. Alipofika saba, akaibana picha kifuani.

"Huyu ndiye mshonaji wangu," akasema. "Basi yule mwingine tulimzika." Akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, na binti akamkumbatia mpaka akatulia.

Baadaye mlangoni, mshonaji akauliza, "Na wewe ukinitazama sasa, unamwona nani?"

"Mimi dada yako sikuwahi kumjua. Kila ninapokutazama, ni wewe tu. Nikuoe, nikupige picha maisha yangu yote, nisifute kitu?"

"Na siku ya harusi, picha utapiga wewe?"

"Nitaweka kamera juu ya kiti, kisha nikimbie nisimame karibu nawe."

"Basi ujifunze kukimbia," mshonaji akasema, akimfuta kijana chozi.

Alipobaki peke yake, alikwenda chumbani, akakifunua kioo. Yule mwingine alikuwepo, anamtazama.

"Pacha wangu," akamwambia, "nimeposwa."

Wakalia wote wawili.