Saa Mbili Kutoka Delhi

"Basi, bibi, usinipake tena. Niitie Kombo aje hapo kwenye pazia."

Bimkubwa, kungwi wake, alibaki na singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugulia bibi harusi, mkononi. Mwatima alikuwa katika siku ya saba ya kuwekwa ndani, chumba kizima kinanukia. Ndoa ilishafungwa kwa wakala, maana bwana harusi, Hemedi, alikuwa Delhi kwa masomo ya ufundi aliyopelekwa na Serikali. Kilichobaki ni yeye kuja Kanga kumchukua mkewe.

Juzi, Hemedi alipokosa kufika, Mzee Abdulrahmani alimwambia bintiye:

"Mumeo amekwama Delhi, mwanangu. Ndege ya huku inaondokea Bombay, na Bombay ni mbali mno. Vuta subira."

Na leo Kombo, aliyekuwa akisoma na Hemedi huko Delhi, kashuka kwenye lori la kijiji cha ujamaa, macho mekundu.

"Asalaam aleikum, shemeji," Mwatima alisema nyuma ya pazia.

"Waaleikum salaam."

"Uliondoka Delhi lini?"

"Jumamosi."

"Bombay ukafika lini?"

"Jumamosi hiyo hiyo."

"Ni mbali?"

"Ni... kilomita elfu na mia na kitu."

"Sikuulizi kilomita. Kwa ndege?"

Mwatima akachomoa barua ya Hemedi chini ya mto. Alikuwa ameikunjua mara nyingi hata mikunjo ikaanza kuchanika.

"Sikiliza alivyoniandikia. 'Mwatima wangu, usiogope umbali. Delhi mpaka Bombay ni mwendo wa saa mbili tu kwa ndege. Wewe ukitoka Kanga kwenda Kilindoni kwa miguu utachelewa kuliko mimi. Ukisikia nimefika Bombay, anza kupika.'"

Akaikunja barua.

"Saa mbili, shemeji. Baba kasema mbali mno. Nani kanidanganya, baba au mume wangu?"

"Shemeji, mimi nimetumwa tu..."

"Bibi kasema umeshuka na masanduku mawili. La pili la nani?"

Kombo akaanza kulia, mtu mzima na suti yake. Mzee Abdulrahmani akaingia, kofia mkononi.

"Muache, mwanangu. Kosa ni langu. Simu ya maandishi ililetwa Ijumaa. Nikaja nikuambie, nikakukuta unacheka na bibi yako. Nikashindwa."

"Amefariki lini?"

"Jumanne," Kombo alijibu. "Homa ya matumbo. Tumemzika huko huko."

"Jumanne ndiyo niliyoingia humu ndani."

Mwatima akamgeukia baba yake.

"Tangu Ijumaa unajua, baba, na unamwacha bibi anampaka singo mjane?"

"Nisamehe, mama."

"Mimi ningemlilia kuanzia Ijumaa. Siku tatu hizo nimekaa hapa najitazama kwenye kioo!"

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti mpaka wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa harusi uani wakaacha kazi. Bimkubwa alileta maji, akamsugua mikono na shingo. Singo ilitoka. Hina haikutoka, naye Mwatima akazidi kuisugua kwa kucha.

"Acha, mjukuu wangu, utajichubua."

Sanduku la Hemedi liliingizwa, likawekwa miguuni pake. Hakulifungua.

"Bibi, toa udi na manukato yote."

"Natoa."

"Niliingia humu kwa siku saba. Sasa nihesabieni eda, miezi minne na siku kumi, kuanzia Jumanne."

Bimkubwa alibeba sahani ya singo akaenda kuimwaga nyuma ya nyumba, kisha akarudi kulifunga pazia.