Waya Nyekundu, Tundu Jeusi

Fundi Sikio alikuwa ameshafungasha vyombo vyake, mawazo yakiwa kwenye chakula cha jioni, mama mmoja mzee aliposimama mlangoni pa kibanda na kumwambia ana spika mbili zenye sauti mbaya. Fundi akamwambia azilete kesho. Mama akasema haziletwi, ni kubwa, zinamfika kifuani. Tena nyumba yenyewe iko hapo tu, nyuma ya kiwanda cha sare.

"Twende sasa, mwanangu," akasema. "Mkwe wangu anarudi kutoka kazini saa kumi na mbili. Hapendi mafundi."

Ilikuwa saa kumi na moja na robo. Fundi akasitasita, mpaka mama alipoongeza kwamba fundi aliyetangulia alishindwa. Hapo akawa amemnasa. Watu walimwita Sikio kwa sababu, walisema, anaweza kumsikia sisimizi akitembea juu ya zulia. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Akautwaa mkoba, wakaenda.

Sebule ilikuwa safi, imefagiwa hadi pembeni. Spika zilisimama huku na huku ukutani kama walinzi, na kati yake palining'inia picha ya mwanamume mnene aliyeshika kipaza sauti. Mama akaeleza kwamba huyo ndiye mwanawe, mume wa huyo mkwe, alikufa mwaka juzi. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, na kila harusi aliyoisimamia aliirekodi kwenye kanda. Kanda zipo, zimejaa kabati. Lakini siku hizi ukizipiga unasikia muziki, unasikia makofi, unasikia hata vijiko vikigonga sahani.

"Mwanangu tu ndiye hayumo," mama akasema.

"Na mkwe wako anasemaje?"

"Anasema ni vizuri hivyo hivyo." Mama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekalia jambo.

Fundi akaweka kanda, akasikiliza amefumba macho. Kweli. Muziki ulikuwa umekonda, besi hakuna, na katikati palikuwa na shimo. Mahali ambapo mtu angesema "mabibi na mabwana" palikuwa patupu. Akabonyeza karatasi ya spika kwa ncha za vidole, polepole, asikie kama inakwaruza. Haikukwaruza. Akahamisha waya kwenye amplifaya, za kulia kushoto, za kushoto kulia. Ubovu ukabaki vilevile.

Akapiga magoti nyuma ya spika na tochi yake. Ya kulia ilikuwa sawa: waya nyekundu kwenye tundu jekundu, nyeusi kwenye jeusi. Akaenda ya kushoto, akacheka kwa sauti.

"Nani aliyeunga hii, mama? Kipofu?"

Akamweleza kama anavyoelezwa mtoto. Spika mbili ni kama watoto wawili wanaosukuma mlango. Wakisukuma upande mmoja, mlango unafunguka. Mmoja akiwa ndani na mwingine nje, wote wakisukuma, mlango hauendi popote. Ndivyo ilivyo waya zikigeuzwa kwenye spika moja: hii inasukuma, ile inavuta, na sauti inayopaswa kusimama katikati inakufa.

"Ni kosa dogo," akasema. "Dakika moja tu."

Lakini waya ile ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi. Mafundo saba, kila moja limezibwa kwa nta. Fundi alikuwa hajawahi kuona waya ya spika iliyofungwa hivyo.

"Kata," mama akasema haraka. "Mimi nilijaribu, uzi ukanikataa." Akanyoosha mkono. Ncha za vidole vitatu zilikuwa nyeusi, zimekauka kama kuni zilizotolewa jikoni.

Fundi akadhani ni umeme. Au alitaka kudhani ni umeme. Akazima swichi, akatoa mkasi.

Uzi ulikatika bila sauti.

Harufu ya tumbaku ikajaa chumbani... na hakuna aliyekuwa akivuta.

Akaunga nyekundu kwa nyekundu, akawasha. Na mwanamume akaongea. "Mabibi na mabwana," akasema, kwa sauti nzito, tamu, na haikutoka kulia wala kushoto. Ilisimama katikati ya zulia, kimo cha mtu mzima. Mama akaanza kulia kwa furaha. Fundi akafumba macho tena, moyo umemjaa kama wa mtu aliyemrudishia mwenzake kitu cha thamani.

Makofi yakakoma. Muziki ukakoma.

"Saa ngapi sasa?" sauti ikauliza.

Fundi akafumbua macho. Kanda ilikuwa imefika mwisho. Magurudumu yake hayazunguki.

"Kumi na mbili kasoro, baba," mama akajibu, akipangusa machozi. "Anakuja."

Geti likalia nje.

Mwanamke aliingia na sare za kazi, nyuzi zimemganda mabegani. Akamwona fundi. Akauona uzi sakafuni. Mfuko ukamponyoka mkononi.

"Kaka," akanong'ona. "Umegusa?"

"Umechelewa," sauti ikasema.

Mkono wa mwanamke ukapanda wenyewe, ukakinga shavu la kushoto. Fundi akaona jinsi mfupa wa pale ulivyoungana vibaya, umekaa upande. Akaelewa. Waya zile hazikuungwa na kipofu.

"Rudisha, kaka. Nilizima spika, akaongea. Nikaziuza, nikazikuta mlangoni. Ilinichukua mwaka mzima kujua ni waya ipi... Rudisha."

Fundi akajitupa nyuma ya spika. Nyekundu kwenye jeusi. Nyeusi kwenye jekundu.

"Umetoka wapi?" sauti ikauliza.

Akazing'oa waya zote. Akachomoa amplifaya ukutani. Spika zikawa masanduku tu.

"Nimekuuliza, umetoka wapi?"

Katikati ya sebule hapakuwa na mtu. Lakini zulia lilikuwa limedidimia mahali pawili, kwa upana wa nyayo. Kisha mahali pawili pengine. Karibu zaidi na mwanamke.

Kutoka hapo hadi mlangoni zilikuwa hatua nne. Angeweza kumshika mkono wakatoka wote. Fundi aliliwaza jambo hilo, akaliona waziwazi, kisha akautwaa mkoba wake akapita pembeni, mgongo ukisugua ukuta. Mama akamsindikiza hadi getini akimwombea heri, akimwambia ana mikono ya baraka.

"Kazini," alisikika mwanamke akijibu ndani. "Nilikuwa kazini..."

Kisha kofi.

Fundi Sikio, aliyeweza kumsikia sisimizi juu ya zulia, akaongeza mwendo ili asisikie la pili.

Siku ya tatu ikambidi arudi. Alikuwa amesahau bisibisi yake ndefu, na bila hiyo kazi hazifanyiki. Alichagua saa sita mchana, jua la utosi. Mama akamfungulia kwa bashasha. Akamweleza kwamba kiwandani walimtuma mtu kumuulizia mkwe wake, naye akawajibu kuwa ana mafua, sauti imemkauka.

Mwanamke alisimama katikati ya zulia, kati ya spika mbili, ameelekea ukutani. Waya bado zilining'inia, hazijaungwa popote. Aliposikia hatua akageuka taratibu. Akafumbua kinywa. Misuli ya shingo ikakakamaa, kifua kikapanda na kushuka, machozi yakamtoka. Haukutoka hata mnong'ono, hata pumzi. Midomo ilitamka neno moja, ikalirudia, na fundi hakuhitaji masikio kulijua.

Rudisha.

"Anasema asante," sauti ya kiume ikasema, kutoka nyuma ya bega la mwanamke.

Fundi akainama, akaiokota bisibisi. Alipoinuka, macho aliyaacha sakafuni.

"Karibu," akajibu.