Aliyegeuza Kamera ya Jacktone

Naapa! Naapa mbele ya Mungu, radi inipige hapa hapa nikiwa nimesimama, kama nitaongeza hata tone moja. Haya yote ni kweli tupu! Na ujue mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Mimi nimewahi kumpiga fisi kofi kule Turbo, akakimbia mpaka Webuye akilia kama mtoto. Lakini hii ya Jacktone... hii ilinifanya nilale taa ikiwaka, na stima ikipotea nalala na tochi mdomoni.

Jacktone Obonyo labda umemwona kwa simu. Ni yule jamaa wa Huruma, pale Eldoret, mwenye pikapu ya kijani, magurudumu yanafika kifuani, ile anaiita Ndovu. Kazi yake ni kuchomelea vyuma, lakini jina lake limetoka kwa vidio. Anaenda milimani, njia mbaya kabisa, njia ambayo mbuzi akiiangalia anarudi nyumbani kuomba msamaha. Anaenda peke yake. Hiyo ndiyo sifa yake. Kila vidio anaanza akigonga kifua: "Peke yangu! Bila mtu!" Watu wanamwangalia mpaka Uarabuni.

Wengi hudhani ana mtu wa kamera. Hana. Akifika pahali pabaya anasimamisha gari, anashuka, anatembea mbele, anasimika kamera kwa ile miguu yake mitatu, anaiwasha. Anarudi kwa gari. Anapita mbele ya kamera na ile kelele yote. Halafu anasimama, anarudi tena kwa miguu kuichukua. Ndiyo maana kamera yake haigeuki. Gari inaingia upande huu, inatokea upande ule, imeisha.

Sasa siku hiyo hakuwa ameenda kupiga vidio. Perez, bibi yake, alikuwa amemtuma Plateau, pale hospitali ya misheni, amchukulie mtoto dawa. Mtoto ni Joyline, bado ananyonya, alikuwa ametoka kulazwa sababu ya kifua. Kitoto chepesi, ukikishika unaogopa kupumua.

Jacktone akapata dawa, akaiweka kwa dashibodi. Akaangalia juu. Jua bado lilikuwa limebaki kidogo, rangi ya chai ya maziwa, na kule ng'ambo msitu unaishia, ukingo wa bonde la Kerio ulikuwa unamwita. Simu ikalia.

"Baba Joyline, umefika wapi?"

"Niko njiani. Napiga kavidio kamoja tu, halafu nakuja."

"Kavidio? Mtoto anakohoa hapa, wewe unataka kavidio?"

"Mama, mwanga kama huu haupatikani kila siku. Wewe unajua umeolewa na simba."

"Simba nimeona. Simba wa kutumwa dawa akapotea. Jacktone, giza isikupate huko. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alisikia. Lakini aliingia msituni.

Kuna njia ya zamani ya malori ya kubeba magogo, inashuka ukingoni kama ngazi imevunjika. Upande mmoja ukuta wa mawe. Upande mwingine... hakuna kitu. Ukiangusha ugali hapo asubuhi, unafika chini jioni ukiwa umepoa. Watu waliacha kuitumia. Pahali pabaya zaidi ni kona moja ambayo barabara imeliwa nusu, na hapo kando kuna msalaba wa mbao, jina limefutika na mvua.

Jacktone akasimika kamera mbele ya hiyo kona. Akawasha. Akarudi kwa Ndovu.

Hapo ndipo ukungu ulipanda kutoka bondeni. Si ukungu wa kawaida. Huo ungeukata na panga na kuuza kwa kilo.

Akaingiza giya ndogo. Gurudumu la mbele likapanda jiwe. La nyuma likateleza. Akasikia kokoto zikianguka chini... chini... na hazikusikika zikifika.

Jasho likamtoka. Haoni mbele. Haoni ukingo.

"Kata kushoto."

Sauti ndogo. Kama mtu anaongea na shavu lake liko karibu na sikio lako.

Jacktone akakata kushoto.

"Kidogo... kidogo... kuja. Nyoosha."

Akanyoosha. Alidhani ni akili yake inamwongoza, unajua mtu akiwa na hofu anaongea na yeye mwenyewe. Harufu ikajaa kwa gari, ya mti umepasuliwa saa hiyo hiyo, utomvu mbichi, na hakuna msumeno uliokuwa unalia mlima mzima.

"Kuja, kuja. Hapo sawa."

Ndovu ikatoka kwa kona. Akazima. Akashuka, akarudi kwa kamera akicheka peke yake kama mlevi. Kamera ilikuwa bado inawaka. Akasimama mbele yake, akagonga kifua.

"Mmeona? Mmeona dume? Peke yangu! Na kama kuna mtu hapa amenisaidia," akasema kwa mzaha, akitupa mkono huku na huku kwenye ukungu, "asante sana, bwana. Panda gari, twende nyumbani!"



Akachomoa kamera kwa miguu yake, akakaa kwa jiwe aangalie kama vidio imetoka safi.

Ilitoka safi. Ilitoka safi kuliko zote.

Ndovu iliingia kwa picha kutoka kulia. Na kamera... kamera ikageuka. Ikaifuata. Polepole, laini, kama mtu mwenye mkono mzuri anaishika. Gari ikipanda jiwe, kamera inainuka. Gari ikiteleza, kamera inaisogelea, mpaka ukaona uso wa Jacktone kwa dirisha, macho yametoka.

Na ile sauti ilikuwa ndani ya vidio. "Kata kushoto."

Halafu mtu akapumua.

Jacktone akaangalia miguu ya kamera. Yote mitatu ilikuwa imezama kwa matope, haijasogea hata nywele. Akaangalia matope. Nyayo ni zake tu.

Hapo ndipo akakumbuka ule msalaba. Na akakumbuka maneno yenye alikuwa amesema.

Wewe kama umetoka magharibi huku, hata kama ni mtu wa kanisa, unajua. Mtu akifia barabarani, mwili unaweza kurudishwa na kuzikwa vizuri, na bado yeye mwenyewe akabaki pale. Hajui njia. Lazima watu wake waende mpaka pale alipoangukia, wamwite. Wanasema, "Panda, twende nyumbani." Halafu wanaenda, wanamfikisha mpaka mlangoni. Jacktone mwenyewe aliwahi kuwa kwa gari iliyoenda kumwita mjomba wake aliyefia barabarani, alisikia wazee wakisema hivyo hivyo. Na walimwonya: ukimwita, umfikishe kwao. Ukimwingiza kwako, kwako ndiko atakaa. Na akikaa mahali si kwake, anaanza kuchukua watu, na wa kwanza ni mdogo wa nyumba.

Akafikiria Joyline.

Pa! Pa!

Makofi mawili kwa bodi ya pikapu, nyuma. Vile turnboy, yule msaidizi wa lori, hupiga kumwambia dereva: songa, niko juu.

Ndovu ilikuwa tupu. Lakini ilikuwa imekaa chini, kama imebeba.

Hakuwa na njia ingine. Ufunguo ni huo, gari ni hiyo, giza ndiyo hiyo inaingia. Aligeuza gari, akairudia ile kona, akaendesha bila kuangalia kioo. Mlima wote alipanda akisali kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, na hata kwa Kizungu ambacho hajui.

Juu kabisa, pale msitu unakutana na lami, alimkuta mama mmoja akifunga magunia ya makaa. Akasimama.

"Mama, habari ya jioni."

"Nzuri. Habari yenu."

Yenu. Na yeye alikuwa peke yake.

"Ule msalaba wa huko chini... ni wa nani?"

Mama akaacha kamba. Akaangalia nyuma ya pikapu muda mrefu, halafu akaongea na sauti ya chini kama yuko kanisani.

"Lori la magogo lilianguka hapo. Turnboy alikuwa kijana Mluhya, Wangila. Kijana mzuri, alikuwa ananunua maziwa kwangu. Mwili walikuja wakachukua. Lakini hakuna mtu alirudi kumwita. Mama yake ni mtu wa Turbo, Nakhumicha, nyuma ya posho mill, ile ya kusaga mahindi, pale sokoni." Akaanza kukusanya vitu vyake haraka. "Umemwita, siyo?"

"Sikujua, mama."

"Basi mpeleke. Na usipitie kwako."

Sasa piga hesabu ya barabara. Kutoka huko mpaka Turbo lazima ukate Eldoret katikati, halafu ushike barabara ya Webuye, na hapo unapita karibu na Huruma. Karibu na Perez. Karibu na mtoto anayengoja dawa.

Simu ililia njia yote. Jacktone hakuthubutu kushika. Angesema nini? Nakuja na mgeni?

Alipokaribia kona ya Huruma, usukani ukaanza kuvuta. Taratibu. Upande wa kwao. Akavuta kurudisha. Ukavuta tena. Alisema moyoni ni tairi, ni yale mawe yameharibu kitu huko chini, lakini tairi haikuvuti ukiwa umebana na mikono yote miwili mpaka mishipa inasimama shingoni kama kamba za ng'ombe. Naye Jacktone ni mtu anainua injini peke yake, mimi nimemwona.

Pale kituo cha boda alimwona Cyril, jirani yake. Hakusimama. Akatoa mkono dirishani, akatupa ile dawa ndani ya karatasi yake.

"Pelekea Perez! Sasa hivi!"

Cyril akaidaka. "Jack! Umefukuzwa kwako? Dawa ya mtoto unarusha kama gazeti?"

"Peleka, ndugu yangu! Peleka!"

Akakanyaga mafuta. Nyuma yake, Cyril alikuwa bado anacheka. Mpaka leo Cyril anasimulia hiyo kama mchezo.

Turbo malori yalikuwa yamepangana, watu wanakula mahindi ya kuchoma, redio inalia. Dunia ya kawaida. Akauliza kwa Nakhumicha, akaonyeshwa kichochoro nyuma ya posho mill. Alikuwa hajapiga hata honi. Mlango ulikuwa wazi. Mama mzee amesimama nje na tochi, kando yake kigoda, na juu ya kigoda bakuli la ugali limefunikwa.

"Umechelewa," akasema. Hakuwa anamwambia Jacktone.

Akaenda nyuma ya pikapu. Akanyoosha mkono juu, vile unamshika mtu ashuke asianguke.

Spring zikalia. Nyiii...

Ndovu ikainuka.

Ile harufu ya mti mbichi ikampita Jacktone usoni, ikaingia ndani ya nyumba, ikaisha. Mama Nakhumicha akakaa chini kwa mchanga, akalia, akacheka, akalia tena.

"Kila nikilala alikuwa ananiambia, mama, sijui njia. Mimi sina gari. Sina mtu. Nilikuwa nitaenda na nini? Mungu akubariki, kijana wangu. Mungu akufungulie."

Jacktone naye machozi yakamtoka, na kile kifua chake kikarudi. "Mama, hiyo ni kazi ndogo. Mimi nimefanya njia mbaya kuliko hii." Mwili wote ulikuwa mwepesi. Kichwani alishamwona Perez akimgombeza, alishaona anavyomshika Joyline. Akarudi kwa kiti, akawasha gari, akashusha kioo amuage.

Mama akasogea karibu. Akainua tochi amwone vizuri usoni.

Tabasamu la mama likafa.

"Kijana."

"Naam, mama."

"Huyu mwingine si wangu."

Jacktone akageuka kuangalia nyuma ya pikapu. "Mwingine gani?"

Mama hakunyoosha kidole. Alirudi nyuma, mguu kwa mguu.

"Lori lilikuwa na dereva. Hawakumpata mpaka wa leo. Walimtafuta bondeni wakachoka. Hakuna mtu alijua kwao, wala jina lake la kweli."

"Amekaa wapi?" Alinong'ona. "Mama. Amekaa wapi?"

"Hapo hapo umekaa," akasema. "Mmeshika usukani wawili."

Akafunga mlango. Akaweka komeo.

Hayo nimeyasikia kwa mdomo wa Jacktone mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama mbali na ile gari, sikuikaribia. Analala ndani yake. Leo Turbo, kesho njia ya Kitale, anauliza kwa madereva wa malori nani alipotelewa na ndugu huko ukingoni. Wengine wanamcheka. Wengine wanaondoka bila kumaliza chai.

Usiulize kwa nini asiiache gari. Aliiacha. Aliiegesha mjini, akatembea kwa miguu mpaka Huruma, mpaka kwenye geti. Alikuwa anasikia Joyline ndani akicheka, kifua kimepona. Akataka kusukuma geti. Hapo ndipo akaona mikono yake iko mbele, imekunja ngumi, inazunguka polepole, kama ya dereva anayekata kona kuingia nyumbani.

Ndani, mtoto akaacha kucheka.

Jacktone aligeuka akakimbia.

Perez ameambiwa ni kazi ya kuchomelea, iko Lodwar, mtandao ni mbaya. Ameamini nusu. Kwa hivyo wewe niliyekuambia, nakusihi kama ndugu: hii iishie hapa. Usimwambie rafiki, usimwambie pasta, usiseme kwa boda. Maneno Huruma hayana mlango, yatamfikia kabla hujameza mate. Na Perez namjua mimi. Akisikia mumewe analala kwa gari kama mtu hana kwao, atafunga mtoto mgongoni usiku huo huo, aende mpaka kwa hiyo gari amrudishe nyumbani.