Nyumba ya Chanthou Iko Wapi?

Ziwa lilikuwa limejaa. Nyumba ya Chanthou ilielea taratibu juu ya mianzi yake, kama inayosinzia. Chanthou alikuwa akikaanga samaki wadogo, lakini mawazo yake yalikuwa mkekani, alikojikunja mwanawe Sreyleak. Kuhara kulikuwa kumemrudia. Macho yalikuwa yamemwingia ndani.

Daktari Vuthy aliwahi kusema, "Dada, maji ndiyo yanamuumiza mtoto. Yachemshe." Baadaye Borin, mtafiti wa maji, akasema, "Maji ya nyumba hii nimeyapima. Hayana neno." Kuni ni za shida ziwani. Chanthou akaacha kuchemsha.

Wawili hao walikuwa watafiti wa mradi mmoja, ila kila mmoja alikuja na mtumbwi wake, siku yake. Wakikutana, ni ubishi tu. Ndipo Bi Kunthea, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaunganisha watafiti, akawaleta kwa mtumbwi mmoja. Wakakaa barazani kwa Chanthou, maji yakinong'ona chini ya mbao.

"Leo hatutaki maneno ya kitaalamu," Bi Kunthea alisema. "Mmoja aeleze alichofanya, mwenzake arudie kwa maneno yake."

"Tumekuwa watoto wa chekechea?" Borin alinung'unika.

"Wale angalau husikilizana. Anza wewe."

Borin akaeleza kwamba alichota maji wakati wa kiangazi. Vuthy akarudia: "Kwa hiyo ulichota hapa, chini ya baraza hii..."

"Siyo hapa. Kule!" Borin alionyesha mbali, katikati ya ziwa, ambako maji na mbingu vilikuwa rangi moja.

"Ndiko tulikokuwa," Chanthou alisema. "Maji yakipanda, tunaivuta nyumba mpaka huku kwenye miti. Sasa tumepakana na mabanda ya nguruwe."

Vuthy akajishika kichwa. "Sikukuuliza ulichota wapi."

"Wala mimi sikukuuliza mtoto aliugua lini," Borin alisema. "Kumbe tunabishania maji mawili!"

"Na mwanangu ndiye anayeharishwa na ubishi wenu!" Chanthou alifoka.

Borin alichota maji palepale barazani. Vuthy akamnywesha Sreyleak dawa ya chumvi na sukari, kidogo kidogo. Majibu ya kipimo yalipotoka, waliyaleta pamoja: maji yalikuwa machafu. Wakamletea Chanthou chungu cha kuchujia, na kumsihi ayachemshe maji mpaka yatokote, kisha ayafunike.

Tangu hapo watafiti huja kwa mtumbwi mmoja, na huulizana kabla ya kumshauri mtu. Juzi hawakumkuta Sreyleak mkekani. Alikuwa ukingoni mwa baraza, miguu majini, akiyaimbia mawingu yaliyolala ziwani.